Mwiko wa Mafuta Uliobaki Mwilini Mwangu

Ninyi mnaouguza watu nyumbani, na ninyi mnaoficha mikono yenu chini ya kitenge mkienda ibadani, nawasimulia mimi Bhoke, bibi wa wajukuu wengi, jinsi Mungu alivyonirudishia ngozi yangu.

Nilikuwa mke kijana wa Chacha, huku Nyamwaga. Nililima wimbi, yaani ulezi, nilipalilia migomba, na ngozi yangu iling'aa hata wenzangu kisimani wakanitania, "Bhoke, wewe umeolewa na muuza mafuta?" Sikujipaka kitu. Nilikula simsim na karanga karibu kila siku, kama watu wote, wala sikujua vilikuwa na kazi gani mwilini.

Mwanangu wa kwanza, Marwa, alipoanza kukaa, nikaugua manjano. Macho yalibadilika rangi, mkojo ukawa kama chai ya rangi, na nilitapika hata maji. Mama mkwe akamwita dada yake mkubwa, Bibi Nyangi, aliyejua dawa za mizizi. Bibi akaniwekea mwiko: nisionje mafuta, maziwa, nyama, karanga wala simsim. "Ini lake limechoka," alisema. "Msilitwishe mzigo."

Manjano yakaondoka. Lakini kwetu, aliyeweka mwiko ndiye anayeuondoa, na kabla Bibi hajauondoa, ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Malori yakaja. Sisi tukapelekwa kwenye nyumba za mstari karibu na barabara. Bibi Nyangi akawafuata wanawe waliopewa mashamba upande wa Ringwani. Mwiko ukabaki kwangu.

Nikaendelea kula ugali na mboga ya kuchemsha kwa chumvi. Mama mkwe alinipikia kwenye chungu cha peke yangu, kwa upendo kabisa. Msimu wa mvua ukapita, kiangazi kikaingia. Ngozi ya miguu ikaanza kukauka, ikapasuka visiginoni mpaka damu ikatoka. Kisha mapaja, tumbo na mikono vikaota magamba kama ya samaki. Nikiamka, mkeka ulikuwa umejaa unga mweupe wa ngozi yangu. Nywele zilitoka nikizivuta kwa mkono. Kidonda kidogo cha jembe kilikataa kufunga. Chacha alinipaka samli kila jioni. Nililainika kidogo, lakini asubuhi magamba yalikuwa yamerudi.

Watu wakaanza kunong'ona: ukoma. Siku moja balozi wa nyumba kumi akasimama nje, mbali na mlango.

"Chacha, wazee wamekaa. Mkeo akae peke yake kwenye kibanda kule nyuma ya josho la ng'ombe, mpaka apelekwe kambi ya wakoma. Na mtoto asimnyonyeshe tena."

"Balozi, wewe umekuwa daktari lini?" Chacha akauliza.

"Mimi nimetumwa tu, ndugu yangu. Usinigombeze mimi."

Mama mkwe akamchukua Marwa, akaanza kumpa uji na maziwa ya ng'ombe. Nilimsikia mtoto akilia upande wa pili wa ukuta, na maziwa yakanitiririka kifuani. Sijawahi kupata maumivu kama yale, hata ya kuzaa. Nikasali, "Bwana, ukinipa kibanda, nitakaa. Lakini mtoto wangu utaniachia?"

Kabla sijahamishwa, Chacha aliomba tufike kwanza zahanati. Tabibu hakukaa mbali nami. Aliniambia nifumbe macho, akanigusa kwa pamba kila mahali penye magamba.

"Unasikia?"

"Nasikia. Hapa kiwiko. Hapa goti. Hapo unanitekenya."

Akacheka. "Mama, ganzi huna popote. Sioni ukoma hapa. Unakula nini?"

Nilipomweleza, akasema, "Mwili hutengeneza mafuta mengi wenyewe. Lakini yapo mafuta ambayo hauwezi kuyatengeneza. Lazima yaingie kwa mdomo, na yamo kwenye mbegu: simsim, alizeti, karanga. Ndiyo yanayofunga ngozi isipoteze maji. Wewe umeyakosa muda mrefu. Samli ya kupaka inalainisha juu tu. Ini lako limepona, kula. Na ukishaoga, upakwe mafuta ya alizeti, maana hayo uliyoyakosa yamo."

Ningeweza kula siku ileile. Nilikuwa nimebatizwa, sikuogopa mizimu. Lakini mama mkwe aliogopa. "Mwanangu, ukila ukafa, nitamwambia nini dada yangu?" Chakula cha mama aliyekuuguza hakiliwi kwa ubishi. Tukaamua kwenda kwa Bibi Nyangi.

Tulipata lori, tukavuka mto Mara, tukamalizia kwa miguu. Visigino vyangu viliacha alama za damu njiani. Bibi Nyangi alikuwa anapepeta simsim uani. Nilipomwamkia shikamoo, alinitazama, ungo ukamtoka mkononi.

"Nani amekuchuna hivi?"

"Mwiko wako, Bibi," Chacha akajibu.

"Wangu? Nilisema mpaka macho yawe meupe!" Akanivuta karibu. "Haya si meupe? Hata mimi mwenye mtoto wa jicho nayaona! Huyo mdogo wangu ana masikio ya nini, ya kuning'iniza hereni?"

Kisha akalia. Akachota simsim, akatafuna kidogo yeye mwenyewe kwanza, akaweka nyingine kwenye kiganja changu chenye magamba. "Nilifunga mimi, nafungua mimi. Kula, mwanangu." Nikala. Sijaonja kitu kitamu kama kile.

Tuliporudi, mama mkwe akawa anatwanga simsim na kuitia kwenye mboga ya mgagani, na nilipakwa mafuta ya alizeti baada ya kuoga, kama tabibu alivyosema. Haikuwa muujiza wa siku moja. Kwanza mwasho ulipungua. Kisha kidonda cha jembe kikafunga. Magamba yakadondoka polepole, na chini yake ikatokea ngozi mpya, laini kama ya Marwa mwenyewe. Tabibu alinitazama tena, akampa balozi jibu mbele ya wazee kwamba si ukoma, na habari ya kibanda ikaisha. Balozi ndiye aliyembeba mtoto, akaniletea mpaka mlangoni. "Shemeji, mchukue," akasema, akitazama chini. "Ananikojolea."

Namshukuru Mungu, aliyeweka uponyaji ndani ya mbegu ndogo namna ile. Ngozi yako ikiharibika, usijifiche na usijitibu kwa kukisia, maana magonjwa ya ngozi ni mengi. Nenda ukapimwe. Na usiidharau simsim iliyo shambani kwako.

Namshukuru pia Bibi Nyangi, ambaye sikuwahi kumlaumu, kwa kuwa mwiko wake ulikuwa wa kuniponya. Leo nikienda kumwona mgonjwa, nikasikia wanamkatazia chakula, siondoki kabla sijauliza, "Mpaka lini? Na nani atamfungulia?"