Jina Lisilokuwamo Daftarini

Nafundisha uraia sekondari hapa Tabora, mwaka wa kumi na tisa sasa, na niseme bila haya kwamba kazi naijua. Darasani kwangu kila Ijumaa ni mdahalo. Mwanafunzi mkimya simwachi. Namchokoza mpaka asimame, atetee hata hoja asiyoipenda.

Nyumbani nilikuwa mtu mwingine. Nyumba za mtaa wetu wa Ng'ambo zimebanana, ukikohoa sebuleni jirani anakupa pole. Binti yangu Levina, akiwa kidato cha pili, aliuliza mezani kwa nini bomba la mtaa limekauka miezi minane na hakuna anayemhoji mwenyekiti. Mwenyekiti naimba naye kwaya. Nikamkatiza, nikamtuma akalete chumvi. Akauliza siku nyingine, na nyingine, nami nikawa namkatiza vivyo hivyo hadi akaacha. Mjinga mimi, nikamsifia kwa mama yake kwamba mtoto ametulia.

Miaka minne baadaye, ulipofika uchaguzi wa serikali za mitaa, sisi walimu tukapewa kazi ya kuandikisha wapiga kura. Nilikaa siku kumi chini ya turubai, nikiita wapita njia kama muuza mitumba. Siku ya mwisho, saa tisa alasiri, nikapitia majina. Mke wangu yumo. Levina, miaka kumi na tisa, hayumo.

Daftari lilikuwa mbele yangu na kalamu mkononi, na sifichi, vidole viliwasha. Lakini mtu huandikwa akija mwenyewe. Nikamwachia mwenzangu meza, nikakimbilia nyumbani. Levina alikuwa anachambua matembele. Nikamwambia kituo kinafungwa saa kumi na mbili, twende, ni haki yake.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

“Baba, nikiandikwa nitaanza tena kuuliza maswali,” alisema taratibu. “Nimeshazoea kunyamaza.”

Nilitaka kumwambia anisamehe. Nikaishia kusema, haya, basi, nikageuka. Kosa lilikuwa langu, na hata kulitamka nilishindwa.

Kituoni nilikuta vijana sita kwenye foleni, wote nimewafundisha, wanabishana kwa sauti nani anafaa kuwa mwenyekiti. Wa mbele akaniamkia, “Shikamoo mwalimu,” akasema asingekuja kama si mimi niliyemfundisha kusema. Nikainamia daftari, nikamuuliza jina lake, kana kwamba silijui.