Miguu ya Laetitia Haikungoja Pikipiki

Hii ninayotaka kuwaambia hamtaiamini, na sitakasirika, kwa sababu mimi njo niliwazoeza uongo. Kijiji chetu chote cha Mpofi kinajua kwamba mimi, mujomba Noël, niliua nguruwe wa pori kwa ngumi, na kwamba nilisoma mpaka darasa la sita. Nguruwe alikuwa ameshakufa mtegoni. Darasa la sita nililitazama kupitia dirisha. Lakini hii ya Laetitia, mtoto wa marehemu dada yangu, sitaitia chumvi. Niliitia mara moja, mahali pasipofaa, na mtaona ilitufikisha wapi.

Kazi ya Laetitia ilikuwa kubeba. Bidon, yaani dumu, ya mafuta ya mawese mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, kutoka Mpofi mpaka soko la Kalembe. Anatoka alfajiri, jua likianza kuinama amefika, kesho yake anarudi na mzigo wa chumvi na sabuni. Vijana wa pikipiki wakikwama kwenye matope, yeye anawapita na kuwauliza kama wanataka awabebe na wao. Mume alimwacha, akaenda machimboni, hakuleta tena habari. Miguu ile ilimlisha yeye, ikanilisha na mimi, ingawa mbele ya watu nilisema mimi njo ninamlisha.

Halafu vita ikaja Mpofi, asubuhi ya soko. Sitaieleza. Tulikaa porini wiki mbili, kisha tukatokea Kalembe, tukapewa kibanda nyuma ya duka la Mama Kavira, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo. Barabara ilipotulia kidogo, Laetitia akaanza tena kubeba, safari hii akimbebea Mama Kavira.

Lakini alikuwa na kitu, kitu ambacho nusu ya Kalembe walikuwa nacho. Pikipiki ikikohoa barabarani kama bunduki, moyo wake unapiga kama anapanda mlima, vidole vinakufa ganzi, pumzi inakuwa fupi, magoti yanalegea. Anakaa chini palepale, na bidon yake mgongoni. Pikipiki ikishapita, muda wa kumenya viazi vya sufuria moja, anasimama na kuendelea na safari. Mimi nilijifunza kukohoa kama pikipiki. Nilijificha nyuma ya mlango, nikakohoa. Alinitupia mwiko, ukanipata kwenye sikio, na majirani walicheka mpaka kesho yake.

Kulikuwa na habari ya muhogo, ambayo hatukuihesabu kuwa habari. Kwetu muhogo mchungu unalala majini siku tatu, hata nne, mpaka unalainika na kutoa harufu. Kalembe hatukuweza. Mto uko chini ya kilima, na wenye silaha walikuja kuteka maji pale. Mwanamke akiacha muhogo wake mtoni, anarudi hakuti hata ganda. Kwa hiyo Laetitia aliulowesha usiku mmoja katika beseni ndani ya nyumba, akaukausha, akautwanga. Bugali ulikuwa mchungu kidogo. Nilimwambia bugali ni bugali. Yeye aliula na sombe, majani yaleyale ya muhogo, asubuhi na jioni, miezi. Mimi nilikuwa nakula maharagi kwa Mama Kavira, malipo ya hadithi zangu.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, katikati ya kiangazi, aliamka na miguu imekakamaa. Siku iliyotangulia alikuwa amebeba bidon vizuri kabisa. Hakuna maumivu, hakuna homa, hakuna pikipiki iliyopita. Wa kulia na wa kushoto, sawasawa.

"Mujomba," alisema, "hii miguu imekuwa ya muntu mwingine."

Nilimwambia ni woga wake uleule, umeshuka chini kutafuta mahali pa kupumzika. Hata hivyo nilimpeleka kituo cha afya, maana mimi si mtu mbaya.

Kwetu mgonjwa hasemi. Anayemleta njo anasema. Mgonjwa anashika kichwa na kutazama sakafu. Benchi lilikuwa limejaa, na mimi nilitaka tupite mbele. Basi nilimwambia Floribert, muganga wa kituo, kwamba huyu anaanguka mara kumi kwa siku. Kwamba anasikia bunduki hata kuku akitaga. Kwamba ilianza na vita, na inakuja na kwenda, inakuja na kwenda. Benchi lote lilicheka, Floribert mwenyewe alicheka. Laetitia alipofungua kinywa kusema kwamba miguu ilianza Jumanne tu, niliweka mkono juu ya bega lake nikasema, muone, hata sasa anatetemeka. Floribert alitazama foleni, akaandika. Alisema ni hofu ya vita, si ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na kwamba kila Alhamisi aende kwenye nyumba ambapo wanawake wanasikilizana. Hakuugusa mguu.

Alikwenda. Na ilimsaidia, sitasema uongo. Walimfundisha kuvuta pumzi polepole na kuhesabu, walimwachia nafasi ya kulia bila mtu kumuuliza anamaliza lini. Mwezi wa saba ulipoisha, pikipiki ilipita na yeye aligeuza kichwa tu. Nilikohoa nyuma ya mlango, akaniambia nitafute dawa ya kifua. Nilizunguka sokoni nikisema mimi njo nilimponya.

Miguu ilibaki vilevile. Moyo ulitulia, mikono ilitulia, pumzi ilirudi, na miguu ilibaki vilevile, na hakuna aliyejiuliza maana yake ni nini isipokuwa yeye. Aliniambia mara mbili. Mara ya tatu hakuniambia tena. Alitembea kwa ncha za vidole, magoti yanasuguana, na fimbo ya wabebaji mkononi. Bidon ikawa nusu bidon. Jioni alirudi, akapika bugali wa muhogo wa usiku mmoja, akala.

Mwezi wa nane alianguka kwenye njia ya kuni, mchana kweupe, na hakusimama. Wanawake wawili walimleta wakimshika kwapani. Tangu siku ile fimbo moja haikumtosha. Niliwaambia watu pikipiki ilimshtua. Hakukuwa na pikipiki. Nilisema ilikuwa kubwa, nyekundu.

Mama Kavira njo alinyamazisha mdomo wangu. Yeye hasemi sana. Anakwenda misa, anafungua duka, anafunga duka. Siku ile alikuja kibandani na jozi mbili za sandali za plastiki, zile kuukuu ambazo Laetitia aliacha dukani kila aliponunua mpya. Alizipanga mbele yangu chini. Mbele zilikuwa zimelika mpaka tundu, kushoto na kulia mahali pamoja. Kisigino kilikuwa bado na alama za kiwandani.

"Papa Noël, mimi nauzisha sandali miaka kumi na mbili," alisema. "Muntu wa woga anakimbia, sandali inapotea. Hakuna muntu wa woga anaikula hivi."

 

Alimwita kaka yake mwenye pikipiki. Laetitia alipakiwa nyuma, juu ya kitu kilekile kilichokuwa kikimkalisha chini barabarani, injini ikinguruma chini yake, na hakutetemeka hata kidole. Mimi nilifuata kwa miguu. Nilipofika, Floribert alikuwa ananingoja mlangoni. Aliniambia nibaki nje. Mimi, mkubwa wa familia. Basi nilikwenda dirishani. Madirisha nimeyazoea tangu darasa la sita.

Alimkalisha juu ya meza, miguu inaning'inia, akampiga chini ya goti kwa kinyundo kidogo cha mpira. Mguu uliruka kama umepigwa teke kutoka ndani. Wa pili vilevile. Kisha akashika unyayo, akaukunja kwenda juu kwa ghafula, na unyayo ukaanza kupiga wenyewe mkononi mwake, tap tap tap tap, hausimami, na Laetitia ametulia anautazama kama anatazama mnyama asiyemjua. Floribert alimwambia avute pumzi polepole, kama alivyofundishwa Alhamisi. Alivuta. Unyayo uliendelea kupiga.

Kisha akamuuliza yeye. Si mimi.

"Pikipiki ikikuja, inakuwa namna gani?"

"Zamani pikipiki ikikuja, moyo unapiga, mikono inatetemeka, pumzi inakata. Ikipita, vyote vinapita," alisema Laetitia. "Miguu haikungoja pikipiki. Ilikamatwa siku moja, Jumanne, yote miwili. Haijapita hata saa moja."

Akamuuliza ya muhogo. Laetitia akamwambia: usiku mmoja. Akamuuliza ya maharagi, samaki, nyama. Laetitia akamwambia: sombe tu.

Floribert aliweka kinyundo chini. Alisema ugonjwa huu watu wa Kwango, mbali kule magharibi, wanauita konzo, miguu iliyofungwa. Ni sumu ya muhogo usiolowekwa vizuri, inapiga mishipa ya fahamu kwa mtu anayekula huo peke yake, na wanawake na watoto njo inawakamata zaidi. Hakuna kidonge. Kilichokwenda kimekwenda, kilichobaki kinalindwa kwa kubadilisha chakula. Ile hofu nayo ilikuwa ya kweli, na ilitibiwa. Yalikuwa mambo mawili katika mwili mmoja, na yeye aliandika moja.

"Kama ningekuuliza wewe mwenyewe mwezi wa sita, na kupiga hili goti," alisema, "ningekukataza ule muhogo. Labda hii ya mwezi wa nane haingekuja." Alifungua daftari la wagonjwa. "Nani aliniambia inakuja na kwenda?"

 Laetitia alijua niko dirishani. Kofia yangu ilionekana. Hakunitaja. Nilitazama chini nikaona miguu yangu, mizima yote miwili.

Barabara ya hospitali kubwa ilikuwa imefungwa. Ilipofunguka, mwezi wa kumi, walimwangalia mgongo, wakasema vilevile.

Laetitia hatabeba tena. Siku hizi anakaa uani kwa Mama Kavira, kando ya mapipa mawili yaliyokatwa, na wanawake wanaleta muhogo wao ulowekwe pale, mahali pasipoibiwa. Kila mzigo una kamba yake, na kila asubuhi yeye anafunga fundo. Mafundo yasipofika matatu, muhogo hautoki, hata mwenyewe alie. Mmoja alilia. Haukutoka. Na wale wanaokuja wakitetemeka, yeye anawauliza kitu kimoja: kelele ikipita, na yenyewe inapita? Ikipita, anawaonyesha nyumba ya Alhamisi. Isipopita, anawatuma kwa Floribert wakapigwe goti, na anawaagiza waseme wenyewe, mujomba abaki nje.

Nilipomwambia nimeandika habari yake, alisema nimsomee yote, asije akasemewa mara ya pili. Amekaa hapa mbele yangu, fimbo zake juu ya magoti, anafunga kamba. Nilimsomea tangu nguruwe. Kwenye dirisha la Floribert alifunga fundo moja, akalifungua, akalifunga tena. Nimebakiza mwisho, huu ninaomsomea sasa, na nimeuandika vizuri, kwa sababu ameteseka na anastahili: kwamba jana asubuhi Laetitia alisimama, akaacha fimbo zote mbili ukutani, akatembea mwenyewe mpaka soko la Kalembe, na watu mia mbili wakasimama kando ya barabara wakipiga mako—

"Mpaka kwa mlango wa duka, mujomba. Na fimbo mbili. Na watu walikuwa wawili, mumoja alikuwa wewe."