Ngoma Mbili Zisizongojana

Harufu ya ngozi ya ng'ombe inayopashwa moto hainiachi nikatulia hata leo. Nikiinusa tu, vidole vinaanza kucheza magotini, na mume wangu huniuliza kama nimeingiliwa na siafu. Ni harufu ya Jumamosi zetu kule Ganako, tulipokuwa tukizisogeza ngoma za kanisa karibu na moto ili ngozi ikaze, mimi na Naserian.

Naserian alikuwa binti wa rafiki yake baba, mfugaji wa huko juu Ngorongoro, na aliletwa kwetu ili asome. Mimi nilikuwa msichana peke yangu katikati ya kaka zangu. Alipopewa nusu ya kitanda changu niliona nimepewa dunia. Kwao hawapigi ngoma, wanaimba kwa koo tu. Labda ndiyo maana alipoiona ngoma kubwa aliitamani kuliko chakula. Mama, aliyefundisha kwaya ya watoto, akampa. Mimi nikabaki na ile ndogo.

Taabu ikaanzia hapo. Mimi nilipiga mbio, yeye alipiga polepole, na wala hakuharakisha kunifuata.

"Rehema, unapiga kama mtu anayefukuzwa na tembo," alinitania.

Mama hakuona cha kuchekesha. "Ninyi watoto, mwendo uwe mmoja! Msipopatana, Jumapili ya mavuno ngoma kubwa atapiga mwingine."

Tulipokwenda kuteka maji, Naserian aliniambia bila kunitazama, "Wakininyang'anya, mimi narudi nyumbani." Nilimjua, hakuwa mtu wa kutishia bure. Nilijaribu kupunguza mwendo, mikono ikakataa. Yeye akajaribu kuongeza, akaishia kutupa fimbo na kulia.

Mahindi yalikuwa yamekomaa, tukatumwa kulinda shamba, kila mmoja na debe lake na upande wake. Nyani wa kwetu ni wajanja. Debe moja hulizoea upesi, wakajua ni wakati gani wa kuvunja hindi. Siku hiyo madebe mawili yasiyongojana yaliwavuruga kabisa. Walichungulia huku, wakageukia kule, wasijue sauti inayofuata itatokea wapi, mwishowe wakarudi korongoni mikono mitupu. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

"Ng'ombe wawili wa baba wana kengele," Naserian akasema akijifuta machozi. "Hazilingani hata siku moja. Ukizisikia zote, unajua wote wapo."

Jumapili ya mavuno tukapiga vilevile kama shambani. Mimi mbio, yeye taratibu. Mara tukakutana kwenye pigo moja, mara tukaachana tena. Watu hawakujua wapige makofi kwa ngoma ipi. Mama aliinua mkono kutunyamazisha, na mawazoni nilimwona Naserian tayari amefungasha mizigo. Ndipo bibi mmoja wa Endamarariek, benchi la mbele, akapiga kigelegele, akaanza kucheza: mabega kwa ngoma ya Naserian, miguu kwa yangu. Wengine wakamfuata, wakicheka na kukanyagana. Mkono wa Mama ukashuka.

"Mmenitoa jasho," alisema baadaye nje ya kanisa. "Haya, ngoma zenu shikeni hizo hizo."

Naserian alikaa kwetu mpaka tulipomaliza darasa la saba. Miaka yote hiyo nilijivuna kwamba nimembakiza mimi, kwa kujifunza kuziba masikio nisiisikie ngoma yake. Alipoondoka, ngoma kubwa akapewa binamu yangu, naye pia alipenda kwenda polepole. Kabla wimbo haujafika katikati nilikuwa nimeshamezwa na mwendo wake. Nikajaribu tena, nikamezwa tena. Nilikasirika, nikamlaumu binamu wa watu bure.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Masikio yangu hayakuwahi kuziba. Naserian ndiye aliyekuwa akinisikiliza, pigo kwa pigo, akijiondoa kila tulipokutana ili asinivute kwenye mwendo wake. Nilidhani nimemshikilia asirudi kwao. Kumbe yeye ndiye aliyenilinda nibaki kuwa mimi.