Dawa Aliyoigawa Mama

Kwenye duka langu la dawa, Lodwar, kuna wavu wa chuma, na nyuma yake niko mimi. Mteja anataja shida, naandika "kutwa mara mbili" juu ya bahasha ya vidonge, naipenyeza dirishani, nasema, "Anayefuata." Kasi hiyo niliionea fahari. Mama yangu, aliyeko kijijini Nakalale, nilimtumia dawa za presha kila mwezi kwa dereva wa lori, nikajiona mtoto mwema.

Kisha mama akaanguka kisimani. Jamaa walimkimbiza hospitali ya Kakuma, presha iko juu utadhani hajawahi kumeza kidonge. Nikaambiwa alipotoka hospitalini walimpeleka kwa mfamasia mmoja Mkongo, sokoni. Nikapanda gari na hasira zangu. Nilishaamua kwamba huyo atamvurugia dawa zangu.

Duka lake lilinichekesha. Mabati matupu, benchi la wagonjwa nje, majani ya chai na sukari rafu moja na dawa za malaria. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi benchini kando ya mama, wateja wengine wakisubiri wala hawanung'uniki. Sikumsalimu.

"Mama," alikuwa akimuuliza, "ile dawa mutoto anatumaka, unakunywaka kila siku?"

"Nilikula kidogo," mama akajibu. "Ingine nilipea wamama."

"Wamama gani?" nikadakia.

"Wa kwetu, wote. Gari ikifika wanakuja kuuliza, mtoto ya Lodwar ametuma nini?"

Kwetu kitu kinachotoka kwa mtoto wa mjini hakifichwi. Iwe tumbaku, iwe sukari, kila aliyefika hupata chake. Nilikulia humo, nikinyoosha mkono na watoto wenzangu. Nikawawazia wanawake wazima, wasio na ugonjwa wowote, wakimeza dawa ya presha kwa heshima yangu.

"Mama, dawa haigawanywi!" nilifoka, benchi zima likageuka. Nilitaka aibu iwe yake.

Mama hakukasirika. "Sasa mimi nitapea wao nini? Wewe unatuma dawa tu."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Miaka yote hiyo sikuwahi kufunga hata pakiti ya chai kando ya vile vidonge, na mama alikuwa akinifunikia aibu kwa kugawa uhai wake.

Mfamasia aliingia ndani, akarudi na mifuko miwili. Wa vidonge akamwekea mkononi na kuufumba mkono wake. "Hii ni ya weye peke yako, mama. Usionyeshe mutu." Kisha akampa mfuko wa majani ya chai. "Hii ya wamama."

Mama alivificha vidonge chini ya shanga zake. Majani ya chai akayainua juu, kila aliyekuwa benchini ayaone.

"Mtoto yangu ameleta," akasema.

Watu wakanipongeza. Sikuwa na uso wa kukubali, wala wa kukataa.