Janti mpya za gari ya baba

Leo baba amepita pembeni ya gari yake mwenyewe, akaniuliza iko wapi.

Iko hapo hapo mlangoni. Ile nyeupe, aliyo nayo tangu mimi sijazaliwa.

Nilichobadilisha ni janti za magurudumu tu. Nimemuwekea za aluminiamu, pana, zinang'aa, kama za magari ya sasa. Kesho anampeleka mdogo wangu harusini nayo, nikataka ipendeze.

Nikamwonyesha. Akaitazama kama mgeni aliyekuja bila taarifa.

"Mutoto wangu, zile za chuma umeweka wapi?"

Zile zenye vifuniko vya duara, anazozisugua kila Ijumaa.

Wiki iliyopita, gari ikiwa bado kwa fundi, niliwapa wavuvi wa Minago, kando ya ziwa. Wamezifanya nanga.

Sikunywa hata chai, nikapanda pikipiki. Tatu nimezipata, zina kutu kidogo. Ya nne iko chini ya ziwa, imeshika mtumbwi wa bwana mmoja ambaye hapokei simu mpaka sasa hivi.

Fundi amefunga hizo tatu. Ya nne tumeacha ile inayong'aa.

Baba ametoka. Amesimama upande wenye mbili za chuma, ameshika bodi ya gari, ametulia kabisa.

"Eh. Sasa ni yenyewe."

Mimi niko upande wa pili, nimetandaza kitenge mbele ya gurudumu la nne, ninawaandikia kwenye simu kwa mkono mmoja.

Nishaurini haraka. Ameanza kuzunguka.