Tumbawe la Mama Zuhura

Mwanangu, kuna mchana mmoja ninaoukumbuka hata nikiwa kanisani, na nikiukumbuka natetemeka, mimi mzee mzima. Jana uliniambia hoteli moja ya Sultan Hamud imekupa kazi ya kuweka taa kwenye tangi la kioo la maji ya chumvi, refu kwenda chini hadi linakufika kifuani, na tayari umeshachagua taa. Hata tangi lenyewe hujaliona! Hebu keti kwanza.

Nilikuwa fundi wa stima hapa Kitui, kijana mwenye maringo. Mama Zuhura, mjane ambaye watu wake walitoka Pwani, aliniita nyumbani kwake. Marehemu mumewe alimwachia tangi la namna hiyo, na chini kabisa palikuwa na tumbawe moja. Usinicheke, mimi nilidhani ni jiwe. Kumbe ni mnyama wa bahari, ana vidole vingi vyembamba, na mwanga ndio unaomlisha. Mumewe alililea tangu likiwa dogo kama kifungo cha shati. Kila mchana mama huyu aliketi mbele ya kioo akasema, "Hujambo, Baba Zuhura," nalo likakunjua vidole polepole. Mimi ni mtu wa kanisa, mwanangu. Jambo lile sikulipenda hata kidogo.

Taa ya zamani ilikuwa imeungua. Akaniagiza, "Fundi, nitafutie ile inayoshuka mpaka chini, yenye mwanga wa buluu. Uianze kidogo kidogo, uiongeze siku kwa siku. Limezoea mwanga hafifu."

Nikacheka. "Mama, taa ya buluu ni ya disko! Jua la Kitui lote hili la bure, taa ya nini?"

Akasitasita. "Mume wangu hakufanya hivyo."

"Wewe niachie mimi, mama."

Akaniachia, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilitoa bati moja la paa juu ya tangi, nikaweka la plastiki linalopitisha mwanga. Jua likaingia hadi mchanga wa chini ukameta, nami nikajisifu njia nzima ya kwenda nyumbani. Ujanja mwingi, mbele kiza.

Wiki haikuisha akaniita. Ilikuwa saa saba mchana, mtaa kimya, hata kuku hawasikiki. Maji ya tangi yalikuwa vuguvugu. Samaki wote walikuwa wamejibana kwenye kivuli chembamba pembeni, wamenikodolea macho. Na tumbawe, aiya! Lilikuwa jeupe pe, mfupa mtupu.

"Pole, mama," nikasema. "Limekufa."

"Halijafa. Tazama."

Nikainama. Mfupa ule ulikuwa ukichezesha vidole. Vilikuwa vimepoteza rangi hadi unaona upande wa pili, lakini vilikunjuka na kujikunja, vikipapasa maji kama mtu anayetafuta mlango gizani. Gizani, mwanangu, na jua lote lile! Halafu mama akasalimu, na vikageukia upande wake. Sijui kwa nini, lakini viligeuka, nikaona kwa macho yangu haya. Nywele zilinisimama. Nikarudi nyuma hadi mlangoni.

"Rudi ukae," akaniambia. "Mwanga ukizidi ghafla, tumbawe hutapika vijimea vya ndani yake vinavyolipa rangi na kulishibisha. Lina njaa. Wewe ulichagua mwanga uliokupendeza ukiwa umesimama huku juu. Anayeishi kule chini ulimuuliza?"

 Siku hiyo hiyo nilipanda nikarudisha bati, na taa aliyoitaka nikaileta, nikaiwasha kwa muda mfupi tu. Siku tisa nilikuwa nakwenda kuketi naye, tukililisha chakula kilichosagwa. Kila mchana alilisalimu, na kila mchana vidole vilivyojibu vilipungua. Siku ya kumi alisalimu mara tatu. Hakuna kilichosogea.

Hakunifokea. Alivua leso mabegani akafunika kioo, kisha akasema taratibu, "Mume wangu nilishamzika, fundi. Leo umenirudisha makaburini." Nililia mbele yake, na wala sioni haya kukuambia.

Sasa sikia. Kesho nenda ukalione tangi kabla hujanunua hata waya. Pima kina chake, uulize ni nani anaishi chini kabisa na amezoea mwanga gani, kisha utafute taa ya kumfaa yeye, si ya kuwafurahisha wageni wanaokula chapati. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na uianze polepole. Lakini kubwa kuliko yote, mwenye kitu akisitasita, nyamaza umsikilize. Mimi nilisikia kusita kwa mama yule, nikamwambia aniachie mimi.

Mungu akupe mkono mtulivu na moyo wa kuuliza. Akujalie kazi zako ziwafikie wasioonekana, na usiwahi kuombwa utazame kitu ulichokiua kikiwa bado kinakutafuta. Amina, mwanangu.