Mafuta ya Cucu

Mstari wa mawimbi ya ubongo uliruka tena kwenye kompyuta, nami nikakaa roho mkononi. Binti yangu wa miaka saba alikuwa kitini, waya moja imenatishwa utosini, nyingine masikioni, akingoja mashine ilie. Ilipaswa kulia ubongo wake ukitulia. Kwetu haikuwa imelia hata mara moja.

Kifafa kilikuwa kimetuzungusha kila mahali. Wifi yangu alirudi na mashine hiyo kutoka masomoni ng'ambo, akasema haiponyeshi, ila humzoeza mtoto kutulia na wengine hupata nafuu. Kwa neno hilo moja, nafuu, nilitoka Thika kila Jumamosi kwenda kwake Ruiru. Siku hiyo alisema bila kunitazama, "Ikikataa leo, wacha tuachane nayo. Tunachosha mtoto bure."

Yeye aliona waya mbovu. Mimi niliona ugonjwa. Niliamini vurugu ile ndiyo iliyokuwa kichwani mwa mwanangu, na niliogopa sana.

Wifi alizima redio, akachomoa friji, akabadilisha waya, akamwambia mtoto asikaze meno. Wapi. Mwishowe akabandua kila kitu aanze upya. Alisugua ngozi kwa spiriti mpaka ikapauka, kisha akageuka kuchota ile dawa nzito ya kunatisha waya.

Mama mkwe wangu, niliyemwita Cucu, yaani nyanya, aliyekuja kutoka Gatuanyaga kutusindikiza kama kawaida, aliinuka. Akatoa kikopo mfukoni mwa sweta, akampaka mjukuu wake mafuta palepale palipopauka.

"Cucu," nikauliza, "kwani humpaka kila tukikuja?"

"Sasa nimwache amepauka hivyo? Akae kama mtoto hana mtu?"

Wifi aligeuka na dawa kidoleni. Alimtazama mamake, akaanza kucheka. "Mami, hiyo mafuta ndiyo inakataza waya kushika."

Akapangusa tena, akanatisha waya. Cucu akakalia mikono yake, uso umemshuka. Mstari ukayumba, ukatulia, na mashine ikalia kidogo, ikanyamaza, ikalia tena. Nililia nayo.

Kifafa hakikuisha, wiki iliyofuata kilimwangusha jikoni. Lakini Jumamosi ile ya mashine kulia, waya zilipotolewa, binti yangu alimwendea nyanyake aliyekuwa bado amekalia mikono, akamwinamishia kichwa.

"Cucu, tumemaliza. Sasa nipake."